Pweza wa Kwanza Hapimwi

Kijapani changu kinatosha kulifukuza zimwi nyumbani na kulipokea jua la mwaka mpya, lakini hakitoshi kununua chumvi. Nikishushwa leo katika mji wowote wa Japani nitakufa njaa huku nikiwatakia watu heri ya sikukuu. Ndivyo tulivyofundishwa: mwezi kwa mwezi, sherehe kwa sherehe, chakula kwa chakula. Watu huniuliza nilipata faida gani. Nilipata hasira, ninayo mpaka leo, na sina haraka ya kuitua.

Kijiji chetu kiko pwani, kusini ya Namoto na mto Ruvuma. Wanaume wa kwetu huvua. Wanawake huenda mwambani maji yakitoka, kila mmoja na fimbo yake ya chuma, kuchokoa pweza katika mashimo. Kazi hiyo nimeirithi kwa mama yangu, na yeye kwa mama yake. Kisha ikaja projeto, mradi wa wafadhili. Ikatuundia chama cha wanawake wa pweza, na mwenyekiti wake akachaguliwa mwanamume. Tulicheka, kisha tukazoea. Projeto ikatufundisha kuufunga mwamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, na kuufungua siku za bamvua, maji yanapotoka mbali kuliko siku zote. Hilo silikatai. Pweza walikua kweli.

Baadaye tukaambiwa kuna wanunuzi wa Kijapani watakaokuja, na itapendeza tukiweza kuwapokea kwa lugha yao. Akaletwa mwalimu. Alikuwa msichana mwembamba aliyekaa mjini, akija kwa gari la projeto siku za Jumamosi na kutufundishia katika ghala ya chama, sisi tukiwa tumekaa juu ya magunia ya chumvi. Kireno alikijua kuliko mimi. Kiswahili alijua salamu. Mimi nilisoma mpaka darasa la saba, kwa hiyo nikawa mkalimani wa wenzangu, na ndiyo maana hicho Kijapani kilinishika mimi zaidi ya wengine.

Alikuwa na njia yake. Alisema lugha haikai kichwani isipopitia tumboni, na kila mwezi alikuja na sikukuu yake ndani ya kikapu.

Februari alileta njugu mawe za kukaanga na kinyago cha karatasi chenye pembe. Mwenyekiti akavishwa kinyago, akawa zimwi, na wote tuliona kimemkaa. Tulitakiwa tumrushie njugu huku tukisema zimwi nje, heri ndani. Hakuna aliyerusha. Kila mmoja alizifumbata zake akimtazama mwenzake. Mwisho mama yangu, ambaye ndiye mkubwa wetu pale, akaniambia, "Mwambie mwalimu chakula hakitupwi."

Nikamwambia. Mwalimu akajibu kwamba kwao nyingine hutupwa na nyingine huliwa. Mama akatafakari, akasema, "Basi tandikeni mkeka." Tukatandika, mwenyekiti akasimama katikati, na tukamrushia kwa nguvu zetu zote, maana wengi walikuwa na lao naye. Kisha tukaziokota moja moja, tukala.

Aprili alikuja na maua ya karatasi ya rangi ya waridi. Kwao huo ni mwezi wa kukaa chini ya miti iliyochanua, kula na kutazama ua linavyopukutika. Kwetu Aprili ni mwezi wa kuvuna mpunga na kupigana na ndege. Nani ana nafasi ya kutazama ua? Lakini tulizifunga zile karatasi kwenye mkorosho ulio nje ya ghala, tukakaa, tukala wali baridi uliofinyangwa kwa mkono, na mvua ikaja ikazilowesha karatasi zote. Mwalimu akasema hata kwao mvua hufanya hivyo hivyo.

Julai ndiyo iliyotushika. Alisema kwa bibi yake, wakishapandikiza mpunga, watu hula pweza ili mizizi ishike matope jinsi pweza anavyoshika jiwe. Kisha mama akasema, "Kumbe ni watu."

Toka siku ile akawa wetu. Nasema haya kwa sababu sitaki mtu afikiri nilimchukia tangu mwanzo. Nilimpenda. Desemba tulipika naye chakula chao cha mwaka mpya, wali unaotwangwa kwenye kinu mpaka unakuwa donge moja linalovutika. Wawili hutwanga kwa zamu, wa tatu huligeuza donge kwa mkono kati ya mchi na mchi. Kwa kutwanga hatufundishwi. Ila mchele wetu, uliovushwa kutoka ng'ambo ya Ruvuma, haukutaka kushikamana hata kidogo. Tulitwanga tukapata kitu cha kulisha vifaranga. Mwalimu alicheka mpaka akakaa chini, na mimi nikacheka kwa sababu yeye anacheka, na mikono yetu sote ilikuwa imejaa wali.

Siku hiyo hiyo ndipo alipotufundisha neno *osonae*. Alisema madonge mawili ya kwanza hayaliwi. Hupangwa moja juu ya jingine, juu yake chungwa, yakawekwa mbele ya miungu na mizimu ya nyumba. Cha kwanza cha msimu, alisema, si chako. Hutangulizwa. Hiyo ndiyo *osonae*.

Nikamwambia na sisi tunacho cha kwanza kisicho chetu. Nikamweleza habari za jungu.

Mwamba ukifunguliwa, pweza wa kwanza wa kila mwanamke hafiki nyumbani kwake, wala sokoni, wala mizanini. Hufungwa ukindu kichwani ili asichanganyike na wengine, akaenda kwenye jungu moja linalopikwa ufuoni kwa tui la nazi. Jungu lenyewe siku hizi ni sufuria, maana lile la udongo lilivunjika wakati ule wa kukimbia vita. Mama ndiye anayelisimamia. Na wanaolila ni wale ambao hawakuweza kwenda mwambani kwa miguu yao: yatima wadogo, kipofu, mgonjwa, mzazi aliye katika siku zake arobaini, mjane aliye edani. Mwenye miguu ya kumfikisha mwambani haonji. Sisi tunaochokoa hata kidole haturambi.

Mwalimu aliuliza maswali mengi. Alikuja mpaka nyumbani, akalishika sufuria kwa mikono miwili kwa adabu, akamwambia mama kwamba bibi yake angelipenda jambo hili. Mama akampa nazi mbili za kwenda nazo mjini. Kwa hiyo mtu asije akaniambia kwamba hakujua.

Januari mume wa mdogo wangu alifariki kwa homa. Mdogo wangu akaingia eda nyumbani kwa mama, na mtoto wa kunyonya mgongoni. Katika sisi sote yeye ndiye anayejua mwamba. Mahali ambapo mimi naona jiwe, yeye huona mlango wa pweza. Sasa alikuwa amekaa ndani, amejitanda nguo nyeupe, maziwa yanampungua, na pwani anaisikia tu kwa masikio. Kila jioni aliniuliza, "Dada, mwamba unafunguliwa lini?" Nilijua hakuuliza habari za biashara. Miaka yote amepeleka pweza kwenye jungu la wengine, na mwaka huu jungu lilikuwa lake. Alikwisha kuliosha bakuli lake na kuliweka dirishani.

Mwamba ulifunguliwa katika bamvua la katikati ya Shaabani. Siku hiyo ndiyo wanunuzi walikuja, wanaume watatu wa makamo na kofia zao za jua, wapole, wanaosalimu kila mtu hadi watoto. Tuliwapokea kwa Kijapani chetu. Walifurahi kweli, na sisi tukavimba vichwa. Mwalimu alisimama pembeni yao akitutazama kwa fahari ya mtu aliyeona mbegu yake imeota.

Tukaenda mwambani. Tuliporudi adhuhuri, tukakuta turubai jeupe limetandikwa ufuoni, mizani imetundikwa, na masanduku ya barafu yamefunguliwa. Mwenyekiti akatangaza kwamba pweza wote wapite turubaini, na hakuna anayetoka bila kupimwa, kwa sababu wageni wanataka kuona mavuno ya ufunguzi yakiwa kamili.

Mama alikuwa kwenye mafiga yake, tui limekwisha kukamuliwa, watoto wamekaa na mabakuli yao. Akaja taratibu.

"Mwanangu," alimwambia mwenyekiti, "wenye ukindu ni wa jungu."

"Nafahamu, mama. Jungu litasubiri. Visita hawa wa Kijapani wanaondoka saa saba."

"Toka lini jungu likasubiri?"

"Mama, leo tusiaibishane mbele ya wageni."

Aliyekuwa anaaibisha ni nani? Lakini ndivyo tulivyolelewa: neno aibu likitajwa mbele ya wageni, mdomo unafungika. Wanawake wakaanza kuwaweka pweza turubaini, wenye ukindu na wasio nao. Niliwaona wenzangu wakiinama mmoja mmoja na damu ikanichemka. Nikamtazama mwalimu. Nilitaka aseme. Kijapani na Kireno anavyo kinywani, na kila mtu pale alikuwa anamsikiliza yeye. Alitazama viatu vyake.

Basi nikaenda mwenyewe. Nikasimama mbele ya yule mgeni mkubwa kuliko wenzake, nikashika pweza wangu kwenye ukindu, nikasema kwa Kijapani changu cha sikukuu: *Kore wa osonae desu. Mada desu.* Huyu ni wa kutangulizwa. Bado.

Alinielewa. Sura yake yote ilibadilika. Akageuka kuwaambia wenzake, nikasikia *osonae* ikitajwa mara nyingi, wakavua kofia zao wote watatu. Wakawakusanya pweza wote wenye ukindu, wakawapanga vizuri mbele ya turubai. Nikadhani nimeshinda. Nikamgeukia mama kumwonyesha kwamba nimeshinda.

Wakapiga makofi mawili, wakafumba macho, wakainama. Walikaa hivyo muda mrefu, na kwa unyenyekevu ambao hata sasa siwezi kuusema vibaya. Kisha wakavaa kofia, mmoja akawapiga picha pweza pamoja na ukindu wao, na vijana wa chama wakawabeba kuwatia kwenye barafu.

Nilibaki nimesimama na mikono mitupu yenye utelezi. Mwenyekiti alinipiga bega, akasema nimefanya vizuri sana, wageni wamependa utamaduni wetu.

Utamaduni wetu ulikuwa unaondoka kwa gari. Tui likakatika motoni kwa kukosa cha kutiwa. Mama akatia mihogo, akawapakulia watoto, hakumtazama mtu. Bakuli la mdogo wangu nilimpelekea mimi mwenyewe. Alilifunua, akaona mihogo, akaniuliza kama mwamba haukuwa na pweza. Nikamwambia ulikuwa nao. Akalifunika.

Kesho yake maji yalitoka tena na tukaenda tena. Nilimletea pweza mnene kuliko wote, nikampikia mwenyewe, akala, akashukuru. Mwenyekiti anapenda kunikumbusha hilo: si mlikula kesho yake? Tulikula mboga. Pweza wa kesho yake nilimpa kwa sababu ni mdogo wangu na nina huruma naye. Mla pweza wa jungu hahitaji huruma ya mtu. Ni haki yake, anaila kichwa juu, hamshukuru yeyote ila Mungu. Mwanamke aliyefiwa anashukuru watu kutwa kucha, anashukuru kwa unga, kwa sabuni, kwa kila kitu. Siku moja tu ya kula bila kushukuru mtu, na hiyo wakaitia kwenye barafu.

Jumamosi iliyofuata mwalimu alikuja na kikapu chake. Nilikuwa nimemtangulia kwenye ghala, peke yangu. Aliniinamia, akasema anaomba radhi, hakujua afanye nini, aliogopa kuharibu siku iliyokuwa muhimu kwa chama. Kisha akanieleza kwamba wale wageni hawakukusudia ubaya. Kwao kikishatangulizwa na kuombewa, huondolewa, watu wakakitumia. Walidhani wametimiza.

"Kwenu basi," nikamwambia, "chakula kinaonyeshwa tu, kisha mnakula wenyewe. Kwetu hakijawa sadaka mpaka kiwe tumboni mwa mwingine. Hilo wao hawakulijua, nawasamehe. Wewe ulilishika sufuria."

Akasema ndiyo, alilishika.

"Lile chungwa la juu ya madonge, kwa bibi yako. Angekuja mtu na mizani, ungetazama viatu?"

Machozi yalimtoka, na nakiri hayakunipoza. Wako watu wanaolia vizuri sana baada ya jambo kwisha. Nilifunga mlango wa ghala, ufunguo nikampelekea mwenyekiti, na Kijapani changu kikaishia pale, kwenye zimwi na jua la mwaka mpya.

Mwamba ukafungwa. Tukafunga Ramadhani, tukala Idi, mpunga ukavunwa. Ukafunguliwa tena Julai, mwezi wa pweza kwa bibi wa mwalimu. Turubai likatandikwa ufuoni tangu asubuhi, mizani ikatundikwa, wageni wakaja. Mwenyekiti alikwisha kutuonya kwamba chochote kinachofika ufuoni kitapimwa kwanza.

Mama alimsikiliza vizuri. Kati ya ufuo na mwamba kuna fungu la mchanga ambalo siku za bamvua huibuka likakauka kwa saa chache. Kabla wageni hawajashuka garini, mtumbwi wa mjomba ulikwisha kupeleka huko sufuria, mafiga, kuni, nazi zilizokunwa, watoto na kipofu wetu, na mama mwenyewe amekaa katikati amelishika sufuria kwa magoti. Pweza wa kwanza tuliwashusha kutoka mwambani moja kwa moja mpaka pale. Tuliwapiga kwenye jiwe kwa zamu, tukawakata vipande vidogo ili waive upesi, maana pweza ana muda wake na maji yana muda wao. Upepo wa kusi ulikuwa unatupa moshi usoni. Ufuoni mwenyekiti alikuwa anapunga kitambaa. Hakuna aliyempungia.

Mdogo wangu alikuwa pamoja nasi. Eda yake ilikwisha Mei, na siku ile alitoka mwambani na pweza wengi kuliko sisi wote, fimbo begani, kanga imefungwa kiunoni. Ndiye aliyekuwa anapakua. Vyungu vya wasioweza kutoka majumbani vilijazwa kwanza, vikafunikwa, vikapakiwa mtumbwini. Kisha watoto wakapanga foleni na mabakuli.

Mwalimu alikuja akitembea majini, suruali ameikunja hadi magotini, viatu mkononi. Wengine walinitazama mimi. Nikamuuliza, "Umekuja kwa miguu?"

"Kwa miguu," alisema, kwa Kiswahili.

"Basi wewe si wa jungu. Shika mfuniko huu, mchanga usiingie."

Akaushika. Alisimama upande wa upepo, akalikinga sufuria. Maji yalikuwa yameanza kurudi, yanatulamba nyayo, na mama alikuwa anatuhimiza. Ndipo mwalimu alipomwona mdogo wangu, akamtambua kuwa ndiye mjane aliyekosa jungu. Alichukua bakuli tupu, akaomba kwa ishara litiwe supu, likatiwa, akamgeuzia yeye yule yule aliyelitia, kwa mikono miwili, kichwa ameinamisha.

Mdogo wangu alilitazama bakuli. Mvuke ulikuwa unapanda. Kisha akalisukuma kwa upole kumrudishia.

"Mimi pia nimekuja kwa miguu, mwalimu."

Nikamwambia ampe mtoto anayefuata.